Nusu milimita

UE zimeisha, nondo nimeziweka pembeni, niko Lushoto kwa mjomba. Wale mliodhani niko Dar nakula bata na hela ya bumu, poleni sana, teh teh! Likizo yangu imeishia chini ya Land Rover.

Msifikirie zile za vioo vyeusi. Hii ni 109, pikapu, Series III ya mwaka 1976. Hizo zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ni dada yangu mkubwa kwa mbali. Mjomba anabebea kabichi, karoti na mapeasi kutoka vijijini mpaka Mombo. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo humo, kwa hiyo nikiitwa kushika tochi sina maneno.

Sasa bwana, tatizo la gari la umri huu ni spea. Za orijino za enzi zile ukizipata bei yake unakaa chini kwanza. Kinachobaki ni kopi, yaani spea mpya zilizotengenezwa kwa kufuata mfano wa za zamani. Nyingine zinatoka India, nyingine Uingereza kwenyewe. Na si zote mbaya jamani, tusiwe waongo. Bushi za springi alizofunga mwaka jana ni kopi na zimetulia. Raba za milango zilikuja ndefu, tukakata kwa kisu, maisha yakaendelea.

Safari hii ilikuwa breki. 109 hii ina silinda sita za breki kwenye magurudumu: mbili mbili mbele, moja moja nyuma. Za nyuma zote zilikuwa zinavuja. Na ya mjomba ina laini moja tu ya breki, ikipasuka sehemu moja, zote zimekwenda. Wanaoijua barabara ya kushuka Soni kwenda Mombo, zile kona na lile korongo pembeni, hawahitaji maelezo.

Mjomba alinunua silinda mbili mjini Tanga, boksi zinafanana, rangi moja, maandishi yale yale. Fundi akafungua ngoma, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Hapulizi kabisa, maana breki za zamani zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Akafunga ya kushoto. Nati ya bomba ikaingia kwa adabu. Akahamia kulia, nati ikaingia kwa vidole mpaka mwisho, laini kabisa. Nikafurahi. Yeye akanyamaza, akaitikisa. Ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Mwalimu," akaniambia (hapa wote wananiita hivyo, hata cheti sijapata), "meno ya hii si ya gari hili."

Nilikuwa na vernia ya plastiki niliyonunua kwa ajili ya BTP. Nikapima nati yetu: milimita 9.5. Hiyo ni inchi 3/8, ukizidisha kwa 25.4 unapata 9.525. Fundi akachokonoa kopo lake, akatoa nati ya breki ya Toyota. Nikapima, karibu 10. Akaijaribu kwenye silinda mpya, ikakaa kama imezaliwa humo. Yaani boksi zile zile, moja ndani ina meno ya inchi, nyingine ya milimita!

Tofauti ni nusu milimita, na umbali kati ya jino na jino unakaribiana mno: 1 kwa 1.06. Ndiyo maana inaingia. Unakaza, unasikia imekaza, kumbe meno yameshikana kwa ncha tu. Siku ukikanyaga breki na mzigo mgongoni, ndiyo yanakatika.

Mjomba alikuwa na tani ya kabichi inasubiri, na mteja Mombo anapiga simu kila nusu saa. Akasema, "Fundi, si tuzungushie tepu?"

"Tepu ni ya bomba la maji, mzee. Hapa kinachozuia mafuta ni kile kichwa cha bomba kilichotanuliwa. Meno kazi yake kushikilia. Yasiposhika, tepu itashika nini?"

Kimya. Nilimwona mjomba anaangalia kabichi, anaangalia gari, anaangalia tena kabichi. Halafu akamwambia mteja atafute gari lingine. Siku mbili za kurudisha silinda Tanga na kupata ya inchi, na kabichi zikauzwa hapa hapa kwa bei ya huruma. Hakulalamika mbele yetu, ila jioni chai hakumaliza.

Ilipokuja ya inchi, fundi aliipima kwa nati kabla hata ya kulipia usafiri. Tukatoa hewa, mimi nakanyaga, yeye anafungua na kufunga. Kisha nikaambiwa nikanyage kwa nguvu zote nisiachie, gazeti limetandikwa chini ya kila gurudumu. Hakuna tone. Mjomba akazunguka nayo tambarare bila mzigo, ndipo akapakia.

Wadau wa fizikia, mnajua vernia ni topiki ya kidato cha kwanza. Kwenye BTP niliifundisha kama nilivyofundishwa: soma hapa, jumlisha hapa, itatoka kwenye mtihani. Kuna mtoto aliuliza, "Madam, nusu milimita inamsaidia nani?" Nikamjibu inasaidia kupata maksi.

Nikipangiwa shule nitaenda na nati mbili mfukoni, ya inchi na ya Toyota. Fundi ameshanipa, bure. Watoto wazipime wenyewe kwanza, halafu ndiyo niwaambie habari za mteremko wa Soni.

Mjomba amepiga sasa hivi, kafika Mombo salama.