Gari Lililokunywa Maji



Hapa Uvira maji tunayajua. Tangu mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa nne 2020, na ziwa lilipopanda 2024, tumezoea kuanika magodoro na kuyalalia tena. Kwa hiyo mtu akisema gari liliingia maji lakini limekauka, tunakubali haraka. Gari si godoro.

Kikundi chetu cha akiba kinatafuta gari la kubeba mboga sokoni, na kupeleka wajawazito hospitali usiku. Tulipata moja linalong'aa, bei yake chini kuliko ya mengine. Mimi nilitumwa kusoma karatasi, pamoja na fundi. Karatasi hazikusema kitu. Fundi alivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: sehemu iliyojificha ilikuwa na matope. Akafunua zulia: vyuma vinavyoshika viti vimeliwa na kutu. Ndani ya vioo vya taa kulikuwa na ukungu.

Alitueleza kwamba injini inaweza kusafishwa, lakini nyaya za umeme ni shida. Maji ya matope yanabaki kwenye viungo vyake, kutu inakula polepole. Miezi inapita, kisha taa zinazimika au gari linakataa kuwaka. Hata mifuko ya hewa ya kukinga watu katika ajali inaweza kukosa kufunguka.

Na mafuriko si ya kwetu tu. Dubai, kunakotoka baadhi ya magari yanayouzwa Afrika, ilifurika tarehe 16 mwezi wa nne 2024, na magari mengi yakazama.

Wamama wengine walinung'unika kwamba mwalimu anafukuza bahati. Ninawaelewa, pesa ile imetoka kwenye nyanya na dagaa, juma kwa juma. Niliwauliza tu: gari likizimika saa nane ya usiku, mvua inanyesha, na ndani kuna binti yako mwenye uchungu wa kuzaa, utamlilia nani? Hakuna aliyejibu. Pesa ilirudi sandukuni.

Basi, kabla ya kutoa hata dolari moja, lipeni fundi wenu wenyewe, si wa muuzaji. Vuteni mikanda, funueni mazulia, fungeni vioo mnuse. Manukato mengi yanaficha uvundo. Mafuta ya injini yakifanana na kahawa ya maziwa, maji yameingia. Muuzaji akimkataa fundi wenu, amekwisha kuwajibu.