Kumrudisha Mtoto kwa Wazazi

Sisi tunaokaa huku Luano, karibu na kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, tukisikia jina la Bakanja tunafikiri mara ile nyumba ya Wasalesiani mjini, wanamopokelewa watoto wa barabarani. Wengi husema, "Ni vema, mapadri wanawalisha." Kweli, wanawalisha na kuwafundisha. Lakini naona chakula na kitanda ndiyo sehemu nyepesi ya kazi ile.

Mwenye heri Isidore Bakanja alikuwa kijana mfanyakazi huko Equateur. Mzungu mmoja wa kampuni alimpigisha mjeledi kwa sababu ya skapulari ya Bikira Maria. Vidonda vikaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909, akiisha kumsamehe. Papa Yoane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1994. Basi watoto waliopigwa wanalala katika nyumba yenye jina la mtu aliyepigwa.

Nao, nani aliwapiga? Si Mzungu wa kampuni. Ni baba, ni mama wa kambo, ni mjomba. Zamani mfanyakazi wa Union Minière alipata mshahara, unga wa posho, shule na hospitali. Katika Gécamines mishahara ikaanza kuchelewa miezi na miezi, hata mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kazini na fedha ya kuagwa, nayo haikukaa. Njaa ikiingia nyumbani, watu hutafuta aliyeileta. Mtu mzima ana ngumi, yatima hana. "Huyu ndiye mlozi!" Kisha hulipwa mwombezi mmoja ili athibitishe neno hilo. (Tusijidanganye: wanaokwenda kwake usiku, wengine wao tumeimba nao Misa asubuhi.)

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Nilipoyaeleza haya katika mafundisho ya wazazi, mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hiyo sheria inajua mambo ya usiku?" Nikamjibu kwamba usiku ninaoujua mimi ni ule aliofungiwa nje mtoto wa miaka tisa.

Hata hivyo siwezi kuwachukia wazazi wote. Don Bosco mwenyewe alifiwa na baba mwaka 1817, akiwa hajatimiza miaka miwili. Kaka yake Antonio, wa mama mwingine, alimtendea kwa ukali hata mama yao, Margherita, akampeleka akatumike katika shamba la watu mwaka 1828, apate amani. Mama yule alimpenda mwanawe, na hakuweza kumweka nyumbani. Mwaka 1846 alikwenda Turin kuwa mama wa vijana wa Don Bosco. Nafikiri aliwaelewa vizuri.

Kwa hiyo kazi ngumu ni kwenda nyumbani kwa mtoto. Nimemsindikiza mlezi mmoja kwa jamaa ya hapa kwetu. Mara ya kwanza hatukupewa kiti. Mara ya pili bibi alileta kiti kimoja, tukakipokezana. Mara ya tatu baba, bila kututazama, aliuliza kama mtoto bado anakohoa. Mlezi hakumhubiria neno. Alimjibu tu kwamba kikohozi kimepungua, na kwamba anajua kusoma sasa.

Mtoto amerudi baada ya Pasaka. Analala kwa bibi. Akina mama wa jumuiya yetu wamepatana, kila Dominika anakula katika nyumba moja yao, pamoja na watoto wengine, kwa sahani moja, majirani wote waone. Jumamosi hii tutakwenda tena, maana shangazi hajakubali bado anywe maji kwa kikombe cha nyumba.