Mtoto SS hakurogwa: maji, oksijeni na dawa

Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, naye ni SS. Toka familia ilipokimbia Masisi, wanalala chini ya bashi hapa pembeni ya Goma, na majirani wananiuliza kila juma: ni nani alimuroga? Nimechoka kujibu kwa hasira. Leo naandika, kwani najua familia nyingi za wahami wanaulizwa vile vile.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo hemoglobini. Kazi yake ni kubeba oksijeni toka mapafuni. Kwa mtu SS, protini hiyo ina kasoro ndogo: kwenye minyororo yake miwili kati ya minne, asidi amino moja imechukua nafasi ya nyingine. Vernon Ingram alionyesha jambo hilo huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1950. Kasoro hiyo iko kama tone la gundi. Hemoglobini ikisha kuachia oksijeni, inanata kwa jirani yake, na jirani kwa mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu na ngumu. Nyuzi zinapinda chembe kama mundu, chembe zinaziba mishipa midogo, na mtoto analia mifupa usiku kucha. Hakuna mchawi aliyeingia.

Vitu vidogo sana ndivyo vinaamua kama nyuzi zitajengwa. Oksijeni ni molekuli ndogo kabisa, lakini ikiwa imeshikwa na hemoglobini, nyuzi hazijengwi. Maji yakipungua mwilini, chembe inakauka, hemoglobini inasongamana ndani yake, na nyuzi zinajengwa haraka zaidi. Ndiyo sababu mtoto SS akishinda na kiu kwenye mstari wa mabidoni, akilala kwenye baridi, ao akishikwa na malaria, maumivu yanaweza kuanza.

Dawa nazo zinapigana na nyuzi hizo. Hidroksiurea inafanya mwili utengeneze tena hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, na hiyo inazuia nyuzi zisijengwe. Utafiti uitwao REACH uliipima kwa watoto wa Angola, Kenya, Uganda na wa kwetu Kongo, mjini Kinshasa. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018: kulinganisha na mbele ya dawa, maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Lakini dawa hiyo inataka munganga apime damu mara kwa mara, maana ikizidi inapunguza chembe za damu.

Kulikuwa na nyingine, vokselota, iliyoshika hemoglobini yenyewe kusudi isiachie oksijeni upesi. Marekani iliikubali mwaka 2019. Septemba 2024 kampuni Pfizer iliiondoa sokoni dunia nzima, sababu hesabu za wagonjwa zilionyesha hatari ya maumivu makali na ya vifo kuliko faida. Ikiwa dawa iliyopimwa na mabingwa inaweza kurudishwa hivyo, tutaamini namna gani vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kati ya mahema?

Walipokimbia, dawa za mpwa wangu zilibaki nyumbani pamoja na karatasi zake. Kwa hiyo nawaomba mama wote wenye mtoto SS: karatasi yake ikae kwenye mfuko ule mutakaobeba kwanza. Mukifika kituo cha afya, semeni mapema kwamba ni SS. Akiwa na homa, musingoje kesho. Mumupe maji ya kunywa mara kwa mara, hata kama hajaomba, na alale ndani ya chandarua na blanketi.

Kwa baba wanaomfukuza mama: mtoto SS wa wazazi AS amepata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS. Lawama haina mahali pa kukaa.

Na kwa kamati za wahami, ombi langu ni moja: kwenye robine, mama wa mtoto SS apite mbele. Bidoni moja ya maji asubuhi inaweza kumwokoa na usiku wa kilio.