Betri, Mawingu na Ulimi Wangu



Mwaka jana nilisafirisha kutoka Lamu hadi hapa Umoja paneli ya sola ya wati 50 iliyokuwa ya marehemu mama. Mwezi wa Januari kijana mmoja, fundi wa mtaani kwetu, aliifunga juu ya ghorofa yetu, akaniuzia na betri mpya ya risasi ya volti 12. Umeme ulipokatika, nyumba nzima ikawa giza ila kwangu. Nilikuwa na taa tatu, televisheni ndogo ya watoto, na mwanga wa kushonea viua vya kofia, kazi inayonisaidia kulipa karo.

Ukaingia Julai. Anayeijua Nairobi aijua baridi ile na wingu lake zito lisilonyesha, ambalo huweza kufunika mji asubuhi hadi jioni. Siku ya nne taa zikazimika saa mbili usiku. Kesho yake nikakutana na yule kijana kwenye ngazi, wanawake wenzangu wakianika nguo, nikamwambia kwa sauti kwamba ameniuzia betri kuukuu iliyopakwa rangi. Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, Mama Salma, nitakuja kuipima."

Alikuja na kipimo chake. Betri ya namna hii ikijaa na kutulia husoma kiasi cha volti 12.7, na ikifika 12.2 imebaki nusu. Yangu ilisoma 11.6. Kisha akanihesabia. Taa, simu na televisheni zilikula kama wati-saa 160 kila usiku. Siku ya jua paneli hunipa kiasi cha 200, lakini chini ya wingu lile ilileta kama 60. Betri ilikuwa nzima. Nilikuwa nikiikopa usiku bila kuilipa mchana. (Lamu mama alikuwa na taa mbili tu, wala hakuwa na televisheni. Hilo sikulifikiri.)

Tulipopanda juu tukaona jingine. Januari jua la adhuhuri huwa upande wa kusini wa Nairobi, na Julai huwa kaskazini. Tangi la maji liko kaskazini mwa paneli, kwa hiyo wingu likipasuka kidogo mchana, kivuli chake kiliangukia pembeni mwa paneli. Kivuli kidogo tu chatosha kupunguza nguvu ya paneli nzima. Akaihamisha, akaielekeza kaskazini, akaifuta vumbi. Betri akaichukua kibandani kwake kuijaza kwa umeme, kwani ikiachwa tupu kwa majuma, chumvi hugandamana katika mabamba yake ya risasi, isirudi tena ilivyokuwa.

Alipoirudisha nilimngoja pale pale kwenye ngazi, saa ile ile ya nguo. Nikamwomba radhi kwa sauti ile ile niliyomtukania. Jirani mmoja alicheka; mwingine alijifanya hasikii. Kijana alipokea malipo ya kujaza betri, na ya kuhamisha paneli akayakataa.

Televisheni imefungwa hadi Septemba, na Salma amenuna. Mimi hutazama volti kabla ya kushika sindano. Jana usiku zilikuwa 12.3, nikashona saa moja tu. Kofia ya mteja wangu wa Eastleigh itachelewa, na nimekwisha kumpigia simu.