Mapera hayana kesi

Wasee wa Taveta, leo tuongee kuhusu mapera. Hapa kwetu kila mtoto ameonywa: ukimeza mbegu, zitaingia kwenye kidole tumbo upasuliwe. Mimi nasema mapera yaachwe.

Kidole tumbo ni kijimfuko chembamba, kama sentimita 9 hivi, kinachoning'inia mwanzo wa utumbo mpana, chini upande wa kulia. Charles Darwin alikiona kama masalio yasiyo na kazi. Kumbe kuta zake zimejaa tishu za kinga, yaani vinundu vya chembe nyeupe za damu vinavyopiga doria dhidi ya vijidudu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipendekeza kwamba pia ni maficho ya bakteria wazuri: ukiharisha hadi tumbo likabaki tupu, wanatoka huko kuanza upya.

Sasa sikiza, hii inatuhusu sisi. Tishu hizo huwa nyingi zaidi ujanani, kwenye utineja na miaka ya 20. Zikivimba, zinaweza kuziba tundu la kidole tumbo. Wakati mwingine kinachoziba ni kinyesi kigumu. Mbegu? Ni nadra sana. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona ugonjwa huu ni adimu vijijini. Mwaka 1971 aliandika kwamba chanzo huenda ni vyakula visivyo na nyuzinyuzi. Wataalamu bado wanabishana, lakini manze, pera lina nyuzinyuzi tele!

Kinachonikera ni kwamba tunajua hadithi ya mbegu kuliko dalili zenyewe. Binamu yangu alianza kuumwa karibu na kitovu. Watu wakasema ni gesi, akapewa chai ya tangawizi na dawa za maumivu. Kesho yake maumivu yalikuwa yamehamia chini kulia, anatapika, ana homa, hata kutembea wima hawezi. Alipopasuliwa, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, usaha umesambaa. Alipona, lakini baada ya siku nyingi kitandani.

Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Voi, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Kwa hivyo maumivu yakihamia kulia, usingoje soko la Jumamosi liishe. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, upimwe mapema. Na kama ni rafiki yako anaumwa, usimwambie ajikaze. Mtafutie boda, uende naye.