Kisanduku cha "Ndiyo"

Tangu niliposema kwenye kipindi kwamba mwanangu alikwenda kambi ya kiangazi, ile ya kulala huko huko wiki mbili, maswali hayajakatika. Wengi mnauliza bei. Wengine chakula, wengine swala, wengine "hivi mnawaaminije watu msiowajua?" Na kuna dada mmoja ambaye hakuandika, alipiga simu saa nne usiku, akaanza kuuliza la kwake kwa sauti ya chini kama vile kuna mtu nyuma ya mlango. Nilimwelewa kabla hajamaliza. Hilo lake ndilo lililonikalisha hapa, ila ngoja nipitie haya mengine kwanza, najua mnayasubiri.

Pesa. Kambi za kulala huku New England si za mchezo. Yetu ilikula zaidi ya kodi yetu ya nyumba ya mwezi mzima. Tulichogundua tukiwa tumeshachelewa ni kwamba kambi nyingi zina fungu la kuwasaidia wasio na uwezo wa kulipa zote, na maombi hupelekwa mapema, bado theluji iko nje. Ukiuliza mwezi wa tano unaambiwa pole. La pili: kwa sisi tunaolipa kodi ya serikali Marekani, ile nafuu wanayotoa kwa gharama za kulea watoto inakubali kambi ya kutwa, mtoto akirudi nyumbani jioni. Ya kulala haiingii hata senti moja. Mume wangu ni mhasibu na bado alinibishia hilo mpaka alipolisoma mwenyewe.

Usalama. Uliza kama kambi imethibitishwa na American Camp Association, chama kilichoanza mwaka 1910. Uthibitisho ni wa hiari, kwa hiyo isiyo nao si lazima iwe mbaya, lakini yenye nao imekubali kukaguliwa na watu wa nje. Kwa watoto wa miaka 9 hadi 14 wanaolala kambini, chama kinataka mfanyakazi mmoja asiwe na watoto zaidi ya 8. Mimi niliuliza pia nani hasa analala kibandani na watoto, ana miaka mingapi, na akitoka usiku nani anabaki. Usione haya kuuliza. Wakianza kukwepakwepa, tafuta kambi nyingine.

Chakula: usiongee na ofisi, ongea na jikoni. Ofisi watakwambia "hakuna shida" kwa kila kitu. Mpishi ndiye aliyeniambia, kwa hisani yake, kwamba maharage yao yanapikwa na nyama ya nguruwe, ndiyo mapishi ya huku tangu enzi. Mwanangu angeyala kwa amani kabisa. Nani kwetu anaogopa maharage?

Simu haziruhusiwi. Kubalini tu. Mpe mtoto bahasha ulizokwisha kuandika anwani na kubandika stempu, la sivyo hutapata hata mstari. Andika jina lake la ukoo kwenye kila kitu, mpaka soksi. Maine kuna kupe wadogo sana, wengine hawazidi mbegu ya ufuta, na wanaambukiza ugonjwa wa Lyme. Mfundishe kujipapasa nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele kila jioni. Dawa zote, hata vitamini, zikae kwenye chupa zake za famasia zenye lebo, na anakabidhiwa nesi siku ya kwanza. Msimfungie vidonge kwenye tishu kama Mama alivyokuwa akinifanyia. Mimi ni mfamasia, na nikikumbuka zile tishu bado nywele zinanisimama.

Sasa tuje kwenye fomu ya afya.

Ilikuwa kurasa nne. Chanjo, mzio, pumu, upasuaji, sahihi ya daktari. Nilikuwa naijaza mezani usiku, naenda mbio, mpaka ukurasa wa tatu. Pale kulikuwa na swali fupi tu: mtoto anakojoa kitandani? Visanduku viwili, ndiyo na hapana.

Mwanangu alikuwa na miaka kumi na alikuwa anakojoa kitandani usiku mara mbili au tatu kwa wiki. (Kabla hamjanishambulia: sasa ana kumi na tatu, yameisha, na hii amesoma kabla yenu. Amefuta sentensi mbili. Hii ndiyo iliyobaki kwa idhini yake.)

Kazini kwangu ningekuwa na majibu tayari. Katika watoto wa miaka kumi, kama 5 kati ya 100 bado wanakojoa usiku. Si uvivu, si ukaidi, si kwamba hajalelewa. Mara nyingi ni urithi: ikiwa mzazi mmoja alikuwa hivyo utotoni, uwezekano wa mtoto kuwa hivyo ni karibu nusu, ikiwa wote wawili, ni kama robo tatu. Haya nayasema kila wiki kwa akina mama wa watu, natabasamu, naendelea na foleni. Lakini usiku ule kalamu ilikuwa mkononi, na mkono wenyewe ulishaanza kwenda kwenye "hapana".

Maana mimi pia nilikuwa kikojozi. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeiandika. Mpaka miaka kumi na mbili. Mama alikuwa na mpira wa kitandani alioukata kwenye kitambaa cha meza cha plastiki, chenye picha za mananasi, na asubuhi aliamka kabla ya baba na kaka zangu, akatoa mashuka, akafua, bila neno. Mpaka leo nikiona mananasi namkumbuka.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwalimu wangu pale Worcester alinitafutia nafasi ya bure kwenye kambi ya wiki moja. Bure kabisa, basi na chakula. Mama akasema hatuna hela. Nikamwambia ni bure. Akasema hatuna hela ya vifaa. Nililia siku mbili, nikanuna kiangazi kizima, na kwa miaka zaidi ya ishirini nikawa na hadithi yangu: wazazi waliotoka Tanga hawaelewi, wanaogopa kila kitu, wametunyima Marekani yetu. Nimewahi hata kuisimulia kwenye kipindi, mkacheka.

Kwa hiyo nilipomwambia Mama kuhusu kambi ya mjukuu wake, nilikuja nimejiandaa kwa vita.

"Kambi ya nini?"

"Ya kiangazi, Mama. Ziwani, huko Maine."

"Mtoto ana kitanda chake hapa, halafu mnalipa watu wakamlaze porini."

"Wewe si ulikaa bweni miaka minne?"

"Bweni ni shule. Hatukulipa tukaumwe na mbu."

Tukacheka, nikadhani yameisha. Alikuwa anachambua mchele. Akauliza, bila kuniangalia, "Na ule usiku wake?" Nikamwambia ndio hapo nilipokwama. Akaendelea na mchele wake. Halafu akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia.

Katikati ya miaka ya sabini, kwenye shule ya bweni ya wasichana mbali na kwao, Mama alikuwa kiranja wa bweni. Kitanda cha chini yake alilala msichana wa kidato cha kwanza aliyekuwa na tatizo hilo. Msichana alijitahidi, aliamka usiku wa manane kugeuza godoro, lakini harufu haifichiki. Wenzake wakalalamika kwa kiranja. Kiranja akaenda kwa matroni, kama alivyofundishwa. Asubuhi iliyofuata yule mtoto alibebeshwa godoro kichwani akapitishwa mbele ya mstarini, shule nzima imesimama. Alipokwenda likizo hakurudi.

"Mimi ndiye niliyekwenda kusema," Mama akasema. Jina lake hakulitaja.

Nikamuuliza, "Ndiyo maana ulinikatalia ile kambi?"

"Nilikwambia hatuna hela," akajibu, akaenda kuosha mchele.

Sikulala vizuri usiku huo. Na sitaki mniambie "basi mama yako alikuwa sahihi" au "hakuwa sahihi", maana hata mimi nimejaribu zote mbili na hakuna inayokaa. Alinilinda kwa njia aliyoijua, nami nilikosa ziwa. Yote mawili ni kweli.

Kesho yake nikatia alama kwenye "ndiyo", kisha nikampigia simu nesi wa kambi kabla sijabadili mawazo. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Hakuihitaji. Aliniuliza kwa haraka kama mtu anayeuliza saizi ya viatu: anatumia dawa? anaamka mwenyewe? anapenda aamshwe? nani ajue, kiongozi wa kibanda peke yake au na msaidizi wake? Akasema kila msimu wapo, na vibanda vya umri huo huwa havikosi. Nikapiga hesabu kichwani: watoto 200, kumi kati yao wanalala na hofu moja, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Basi, dada yangu uliyepiga simu, na wengine mnaosoma kimya kimya, tulifanya hivi.

Tulimwambia mtoto kwamba tumesema, na tumemwambia nani. Hili lilikuwa gumu kuliko fomu. Alikasirika, akaingia chumbani. Baba yake akamfuata, na huko ndani, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya ndoa yetu, nikamsikia mume wangu akisema kwamba na yeye, kule Mombasa, mpaka miaka tisa. Nilikuwa mlangoni na kikapu cha nguo. Tulicheka baadaye, lakini hebu fikiria, mimi na elimu yangu yote ya urithi, sikuwahi kumuuliza.

Tulimwona daktari wake miezi miwili kabla, si wiki moja. Ipo dawa ya desmopressin ambayo watoto wengi huitumia kwa safari kama hizi, na daktari akaikubali kwa mwanangu, ila ina sharti zito: mtoto apunguze sana kunywa kuanzia saa moja kabla ya kumeza mpaka saa nane baada yake, kwa sababu maji mengi juu ya dawa hii yanaweza kushusha chumvi ya damu kwa kiwango cha hatari. Sasa kambini mtoto anakimbia juani kutwa na kila mtu anamwambia kunywa maji, kunywa maji. Kwa hiyo tuliijaribu nyumbani kwanza, tukamzoesha kunywa sana mchana na kuacha baada ya chakula cha jioni, na nesi akaandikiwa saa zote. Usimpe mtoto wako kwa sababu umesoma hapa. Nenda kwa daktari wake.

Tukamnunulia mfuko wa kulalia wa rangi nyeusi, wa kufulika kwa mashine. Chini kabisa, miguuni, tuliweka zile pampasi za watoto wakubwa, ili abadilishe akiwa ndani ya mfuko na asionekane. Mazoezi alifanya sebuleni taa zimezimwa, dada yake akihesabu sekunde. Tukaongeza suruali tatu za kulalia zinazofanana, akibadilisha moja hakuna anayejua, na mifuko ya plastiki ya kufunga.

Na kitu kimoja hatukufanya, nacho kilinigharimu: hatukumuahidi kwamba akitaka tutamfuata. Mwongozo wa American Academy of Pediatrics wa mwaka 2007 kuhusu watoto kutamani nyumbani unaonya juu ya ahadi hiyo, kwa sababu mtoto anasikia ndani yake kwamba wazazi hawaamini ataweza. Aliponiuliza garini, "Nikishindwa mtakuja?" nilisema, "Ukishindwa nesi na kiongozi watakusaidia." Nikamwona anaangalia dirishani. Sijui jibu zuri zaidi lilikuwa lipi.

Barua ilifika siku ya nane. Mistari mitano. Amefaulu mtihani wa kuogelea. Ziwa ni la baridi kama friji. Maharage hajala. Ndala moja imepotea. Hakuna lolote kuhusu usiku. Niliisoma kama matokeo ya maabara, nikaigeuza na nyuma.

Aliniambia mwenyewe wiki kadhaa baadaye, tukiwa tunaosha gari. Ilitokea mara mbili. Mara ya kwanza alibadilisha ndani ya mfuko kama alivyofanya mazoezi. Mara ya pili walikuwa wamekaa kwenye moto mpaka usiku, akanywa maji akasahau dawa, kisha akasahau na kuvaa. Asubuhi akajifanya anaumwa tumbo asitoke kitandani. Kiongozi, kijana wa chuo, akawapeleka wengine chai, akarudi, akasema tu, "Acha kila kitu hapo, wahi mkate." Alipotoka kula mfuko wake ulikuwa umekunjwa, safi, mkavu. Nikamuuliza kijana alimwambia nini baadaye. "Hakuniambia kitu."

Siku ya kumchukua Mama alisisitiza kuja nasi. Saa tatu za gari, na kapu la maandazi mapajani. Tulipofika mtoto akaja mbio, mweusi wa jua, ndala moja bluu na nyingine nyekundu, akamkumbatia bibi yake, akaanza kumwonyesha ziwa. Mama alimsikiliza, akaitikia, "Ee, babu yangu, nimeona." Alipogeuka kuagana na wenzake, Mama akaufungua mfuko wa kulalia pale pale nyuma ya gari na kuingiza uso wote ndani.

Akakaa hivyo kidogo.

"Moshi tu," akasema, akaukunja tena na kutoa maandazi.