Amana Iliyofungwa Ndani ya Programu ya Zamani

Ndugu wasomaji, waume kwa wake, na hasa ninyi vijana mlio wepesi wa kutupa vitu vya zamani, ninalo neno juu ya jambo ambalo pengine hamkulitazamia kwa mwalimu wa chuo: programu za kompyuta zilizozeeka, na jinsi zinavyokataa kuamka katika kompyuta mpya. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, wala sidai zaidi ya hiyo. Lakini lililotupata sisi watu wa Kibondo na Kasulu lilinilazimisha kujifunza uzeeni, na hapana shaka misikiti mingi, vyama vya ushirika na hata nyumba za watu zinao msiba huu huu pasipo kujua.

Asili yake ni hii. Mwaka 1999 jamaa wa msikiti mmoja wa Kibondo walipata kompyuta iliyokwisha kutumika, na kijana mmoja hodari wa hesabu akawatungia programu ya kutunzia daftari la fedha. Mtu akiweka amana yake, au akitoa zaka, au akichangia wakfu wa madrasa, vyote viliandikwa humo. Siku zile umeme wa gridi ya taifa ulikuwa haujafika kwetu, basi mashine iliwashwa kwa jenereta mara moja kwa juma, na mwandishi akaandika mbio mbio kabla mafuta hayajaisha. Kijana yule aliitunga kwa FoxPro ya enzi za DOS, yaani mfumo ule wa kioo cheusi na maandishi matupu, pasipo picha wala kipanya. Amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, wala hakuacha maelezo yo yote ya karatasi.

Mashine ya kwanza ilipokufa, programu ilihamishiwa katika ya pili, yenye Windows XP, nayo ikaenda bila taabu. Ya pili nayo ikafa. Hata tulipopata kompyuta ya mkononi yenye Windows 11, tukanakili kila kitu kutoka diski ya zamani, tukabonyeza, tukajibiwa kwamba programu hii haiwezi kwenda katika kompyuta hii. Hatukuambiwa sababu.

Sababu yenyewe ni nyepesi kuieleza. Moyo wa kompyuta, ambao mafundi huuita prosesa, hushika hesabu kwa mafungu. Programu za DOS zilitungwa kwa fungu la biti 16. Baadaye zikaja Windows za biti 32, na za leo ni za biti 64. Zile za biti 32 zilikuwa na chumba maalumu ndani yake cha kuwapokea wazee wa biti 16, na ndiyo maana programu yetu ilikaa kwa amani katika XP. Katika Windows za biti 64 chumba hicho hakimo. Windows 10 ilitolewa kwa namna zote mbili; Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 peke yake. Wala si shauri jema kurudi nyuma na kubaki huko, kwani huduma ya kawaida ya XP ilikoma tarehe 8 Aprili 2014, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine isiyohudumiwa tena haifai kuunganishwa na intaneti. Vijana walijaribu pia ile njia ya kuiambia Windows mpya ijifanye ya zamani. Njia hiyo huwafaa wengi wenye programu za biti 32. Kwa ya biti 16 haifai kitu.

Fundi mmoja wa mjini akatushauri tuachane na mambo hayo, tuanze daftari jipya. Pengine tungemsikiliza, kwa maana watu huchoka. Lakini wakati ule ule alikuja kwangu Kasulu mama mmoja mjane kutoka Kibondo. Eda yake ilikuwa imekwisha, na warithi walitaka kugawana mirathi. Mumewe alipokuwa hai alimwambia kwamba ameweka fedha msikitini, tangu mwaka 2003 hadi 2006. Stakabadhi zililiwa na mchwa. Akaniuliza, “Maalim, hivi jina lake limo au halimo?” Nikamjibu, “Limo, mama, ila daftari limefungwa na ufunguo hatunao.” Neno hilo liliniuma mimi mwenyewe nililolisema. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Na sisi tuliandika, tena kwa uangalifu, kisha tukashindwa kusoma tulichokiandika.

Msaada ulitoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi ya kompyuta Kigoma mjini. Kwanza alikataa kugusa cho chote mpaka tumefanya nakala tatu za folda nzima na kuziweka mahali mbalimbali, moja Kibondo, moja kwangu, moja kwake. Kisha akasema, “Maalim, programu ni kitu kimoja, na hesabu zilizomo ni kitu kingine.” FoxPro huhifadhi majedwali yake katika faili ambazo jina lake huishia kwa herufi dbf, na faili za namna hiyo hufunguliwa na LibreOffice, ambayo hutolewa bure. (LibreOffice ni jamaa ya ile OpenOffice ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitia Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Wengi wameisahau kazi hiyo, nami naona haikustahili kusahauliwa.) Akaifungua, na kwa muda usiozidi dakika tatu majina ya watu wetu yakatokea kioni, mstari kwa mstari. Mzee mmoja aliyekuwapo akatoa takbira.

Furaha ile haikudumu. Katika faili hizo jina la safu halizidi herufi 10, kwa hiyo mtungaji alikuwa amefupisha kila neno. Safu ya AINA ilikuwa na tarakimu 1, 2 na 3 tu. Safu ya HALI ilikuwa na herufi moja moja. Mume wa yule mama alikuwa na mistari 11, na yote imeandikwa R. Tukatazamana. Wote tuliokuwamo tulidhani R ni “rejeshwa”, yaani kwamba fedha zimekwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Na tarehe nazo zilikuwa za ajabu: kwa mujibu wa jedwali, marehemu aliweka amana yake ya kwanza mwaka 1903 na kuendelea mpaka 1906, siku za Wadachi na vita vya Maji Maji!

La tarehe lilifumbuka upesi. Mwandishi alikuwa akiandika mwaka kwa tarakimu mbili, na programu ya miaka ile ikiona 05 huichukulia kuwa 1905. Lakini maana ya R na ya tarakimu za AINA haikuwamo katika jedwali. Ilikuwamo katika programu, ile ile iliyokataa kuamka.

Hapo ndipo tulipoijua DOSBox. Ni programu ya bure, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, nayo ndani ya kompyuta mpya huigiza kompyuta nzima ya zamani, moyo wake, kioo chake na DOS yake. Wasomaji wa Kasulu wataielewa kwa mfano wa tarjumani wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo: mzee asiyejua lugha nyingine husema Kibembe chake asibadilishe neno, na afisa husikia kwa lugha yake, kwa kuwa yupo wa katikati. Unaionyesha DOSBox folda ilimo programu, unaipa folda hiyo jina la diski C, kisha unaita programu kwa jina lake. Jambo lililonichekesha ni kwamba waliotunga tarjumani huyu hawakukusudia hesabu za msikiti. Walitaka kucheza michezo yao ya zamani.

Si sisi peke yetu tuliofikwa na haya. Mohammed Al-Sharekh wa Kuwait alianzisha kampuni ya Sakhr mwaka 1982, akazifundisha kompyuta Kiarabu, na kampuni yake ikatunga programu ya Kurani katika miaka hiyo ya 1980. Alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal ya kuutumikia Uislamu mwaka 2021, akafariki mwaka 2024. Kompyuta za Sakhr za wakati ule, za aina ya MSX, hazitengenezwi tena, na atakaye kutumia programu zake pasipo kuwa na mashine hizo hana budi kutafuta tarjumani kama huyu wetu.

Basi kioo cheusi kikawaka, na orodha ya kazi ikatokea kwa Kiswahili kama marehemu alivyoiandika. Tulipoingia mahali pa kuandika fedha mpya, maana zote zilikuwa pale. Katika AINA, 1 ni amana, 2 ni zaka, 3 ni wakfu. Katika HALI, L ni “imelipwa kwa mwenyewe”, na R ni “risiti imetolewa”, yaani fedha zimepokewa. Kumbe tungeshika dhana yetu tungemwambia yule mama kwamba mumewe alikwisha kuchukua chake chote, nasi tungesema hivyo tukiwa na karatasi mkononi. Katika mistari yake 11, saba ilikuwa ya amana, jumla shilingi 415,000, na minne ya wakfu, shilingi 60,000. Za wakfu haziwarudii warithi. Za amana ni zao. Tukailinganisha hesabu ya jedwali na ile iliyotolewa na programu yenyewe, zikawa sawa. Fedha zikakabidhiwa Kibondo mbele ya mashahidi, zikaingia katika mirathi.

Tangu hapo vijana wameyahamisha majedwali yote katika faili za kawaida, wameandika maana ya kila herufi juu ya kila safu, wamerekebisha miaka, na kupiga chapa daftari zima kwa karatasi. Programu ya zamani hatukuifuta. Imo katika nakala zote tatu pamoja na DOSBox yake. Imebaki mistari tisa ya mwaka 2001, yenye tarakimu 4 katika safu ya AINA, na programu haina maana ya 4. Fedha hizo hazijaguswa. Ye yote aliyeweka fedha Kibondo mwaka huo, au mrithi wake, na aje na ushahidi wake.